Ndiyo Isiyotoka Nje

Kilichomchefua Gyda mchana ule wa Jumapili hakikuwa maini ya samaki, ingawa yalikuwa mbele yake kwenye bakuli, ya kijivu, yanaelea katika mafuta yao wenyewe, na harufu imeshamwingia hadi kwenye nywele. Maini angeyala. Tangu ahamie Skarvneset alijifunza kuyala na kuyasifia pia, maana msimu wa samaki ukifika kisiwani pale hakuna nyumba utakayokaribishwa ukapewa kitu kingine. Kilichomchefua kilikuwa mdomo wa mwanamume aliyeketi ubavuni pake. Na mwanamume huyo, jamani, ndiye aliyempenda hadi akaiaga Hamar, mji wa kwao, akamwacha baba yake mjane, akahama na mabegi yake kutoka kusini mpaka huku juu ambako upepo unakuvua kofia ukiwa bado umeshika kitasa cha mlango.

"Eilif, mwanangu," Mama Bergljot alikuwa anasema, huku akimwekea mwanawe ini la pili bila kumuuliza kama analitaka, "nimeshaongea na fundi. Theluji ikiyeyuka tu anaanza kazi. Juu tunaongeza vyumba, dirisha kubwa lielekee baharini. Nyinyi mtakaa juu, mimi nitakaa chini. Ndivyo tulivyokubaliana, eti?"

Eilif hakuinua macho kwenye sahani. Alivuta pumzi.

"Hh-ja."

Basi. Ile ja, yaani ndiyo, ya kwetu kaskazini isiyotoka nje, inayosemwa kwa kuvuta hewa ndani kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Kusini nako wapo wanaoivuta, lakini huku imejaa kila mahali: dukani, kanisani, kwenye simu, msibani. Gyda alikwisha kuisikia hadi akaacha kuisikia. Leo aliisikia upya. Alisikia hewa ikipenya kati ya meno, ikapita juu ya kipande cha kiazi ambacho Eilif alikuwa hajakimeza, ikakwaruza koo, ikazama. Roho ikamchafuka.

Maana ja hiyo hiyo, kutoka mdomo huo huo, alipewa yeye kitandani siku chache tu zilizopita. Alimwambia, "Eilif, baba amevunjika nyonga na hana mtu. Pasaka ikipita tuhamie Hamar, tukakae naye. Utakuja?" Hh-ja, akajibu Eilif gizani. Gyda akamkumbatia kwa nguvu hadi Eilif akalalamikia shingo. Kulipokucha akampigia baba yake simu, akamwambia kwa furaha kwamba wanakuja wote wawili, kwamba nyumba itakuwa na watu tena.

Akaweka uma mezani.

"Fundi gani, mama?"

Mama Bergljot alimtazama kwa mshangao ambao haukuwa mshangao. Alikuwa mwanamke mnene, safi, mwenye nywele fupi nyeupe, na kila alipokuwa ameshinda jambo alianza kupangusa meza mahali pasipo na uchafu.

"Eh! Mwenzio hajakwambia? Fundi wa kuongeza nyumba, binti yangu. Mtazaa, au hamtazaa? Watoto watalala wapi, ndani ya kabati?"

"Eilif," Gyda aligeuka, "umekubali kujenga hapa?"

"Tja," alisema Eilif.

Tja! Hilo nalo ni neno. Si ndiyo, si hapana, ni kama mtu anayekuachia mlango nusu wazi ili uamue mwenyewe kama kuna baridi.

Oddny, dada mkubwa wa Eilif, aliyekuwa ng'ambo ya meza, aliacha kutafuna. Oddny ni mtu wa utani, mfanyakazi wa kivuko cha magari, sauti yake imezoea kushindana na injini.

"Mama, mwangalie wifi yangu, kabadilika rangi. Ondoa hayo maini mbele yake."

"Hajambo," alisema Mama Bergljot. "Watu wa kusini wana matumbo mepesi."

"Tumbo langu halina neno, mama," alisema Gyda. "Kazi yangu ni kusafisha meno ya watu. Nimeshatoa kwenye fizi za watu vitu ambavyo siwezi kuvitaja mezani. Ugoro wa wiki nzima nimeutoa kwa kidole. Sijawahi kutapika."

"Sasa je?"

"Sasa nataka kuelewa. Mimi na Eilif tunahamia Hamar Pasaka ikipita. Baba yangu hawezi kupanda ngazi, hawezi kujipikia. Eilif amekubali."

Kitambaa cha Mama Bergljot kikasimama katikati ya meza.

"Amekubali vipi?"

"Amesema ndiyo."

"Ndiyo gani?"

Gyda hakuwa amelitarajia swali hilo, na alilichukia papo hapo kwa sababu lilikuwa swali zuri.

"Alisema hivi?" Mama Bergljot akavuta pumzi, hh-ja, vilevile kama mwanawe, hata kidevu kikiinuka kidogo vilevile. Halafu akacheka, si kwa ubaya sana. "Binti yangu wee. Hiyo si ndiyo, hiyo ni pumzi. Huyu tangu anatambaa ukimwambia nje kuna theluji anavuta hivyo hivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atavuta hivyo hivyo. Baba yake Mungu amrehemu alikuwa hivyo. Nimeishi naye mpaka nimemzika, na mpaka leo sijui kama alitaka kunioa au aliona aibu kukataa."

"Mama!" alisema Oddny.

"Nini? Si kweli? Niliongea mimi, akavuta pumzi, tukaenda kanisani."

Oddny alianza kucheka, akaona uso wa Gyda, akajifanya anakohoa. Na Eilif? Eilif alikuwa anaponda kiazi. Alikiponda kwa utaratibu, akamimina juu yake kijiko cha mafuta ya ini, akachanganya, kwa uangalifu wa mtu aliyepewa kazi hiyo na serikali. Wanawake wawili wanagombania maisha yake hapo hapo mbele ya pua yake, na yeye anaponda kiazi! Gyda alimtazama ule mkono. Aliupenda mkono huo. Mara ya kwanza walipoonana, mkono huo ulikuwa umeng'ang'ania kiti cha kliniki, Eilif amelala chali, mdomo wazi, macho ya samawati yanamwangalia yeye kwa woga wa kitoto. Akamuuliza, "Inauma?" Eilif akavuta pumzi, hh-ja, na Gyda aliyekuwa bado mgeni kisiwani akadhani amemchoma, akarusha mikono juu, chombo kikaanguka sakafuni. Walicheka mpaka daktari akachungulia. Tangu siku hiyo aliipenda sauti ile. Aliona ni mwanamume anayeyachukua maneno yake na kuyaweka kifuani. Aliwasimulia rafiki zake wa Hamar hivyo hivyo, kifuani, na wao wakamwonea wivu.

Leo aliona kwamba ni kweli anayachukua. Anayameza. Yakishafika chini yanakuwa sawa na viazi.

"Eilif, niangalie," alisema.

Eilif akamwangalia. Macho yalikuwa yale yale, mazuri kupita kiasi, na hilo nalo lilimkera.

"Nakuuliza mbele ya mama yako na dada yako, ili kesho pasiwe na mtu wa kusema sikuuliza. Mimi na wewe hatukukubaliana kwenda Hamar?"

Mama Bergljot akakiweka kitambaa chini, asikilize. Kwa sababu swali kama hilo lina jibu lake, na jibu hilo si ja. Kwetu mtu akikuuliza kwa kukana, hatukukubaliana, hunipendi, hukuja, nawe unataka kumwambia anakosea, tulikubaliana, ninakupenda, nilikuja, unasema jo. Jo ni ndiyo ya kubisha. Ni ndiyo yenye mgongo. Na kama kweli hamkukubaliana, unasema nei, hapana, yaishe. Hakuna mtu anayefunzwa hilo shuleni, mtoto analijua kabla hajajua kufunga viatu. Gyda alikuwa amechagua swali hilo makusudi. Alitaka jo moja tu. Ndogo tu. Mbele ya mama yake.

Eilif alimtazama mama yake. Akamtazama Gyda. Akarudi kwenye kiazi, na kifua chake kikapanda.

"Hh-ja."

Uma wa Oddny ukaanguka.

"Eilif!" alisema. "Umeulizwa hatukukubaliana! Ja ya nini hapo?"

"Nini?" alisema Eilif.

"Ja! Umejibu ja! Mtu anakuuliza jina lako unamjibu asante?"

"Nilikuwa nasikiliza," alisema Eilif, na masikio yakamwiva.

Lakini hakuwa anasikiliza, na wote wanne walijua. Sauti ya Gyda ilikuwa imefika mwisho wa sentensi, ikapanda kama sauti ya mtu anayeuliza inavyopanda, na hiyo tu ndiyo aliyoisikia. Alisikia kwamba zamu yake imefika. Akavuta hewa, amalize. Gyda akajiuliza ni mara ngapi, na alivyozidi kujiuliza ndivyo alivyozidi kuona. Alipomsimulia juu ya mimba iliyotoka. Alipomwambia usiku huu nina huzuni na sijui kwa nini. Alipomuuliza, "Tuoane?", maana aliyeuliza ni yeye, ndiyo, ni yeye, akiwa amesimama jikoni na taulo kichwani, na Eilif akavuta pumzi huku anatafuta kopo la kahawa, na Gyda akalia kwa furaha. Alilia! Mbele ya kopo la kahawa!

Tone la mafuta lilikuwa limetua kwenye kidevu cha Eilif. Lilishuka polepole, likasimama, likang'aa. Gyda alilitazama tone lile na akahisi mate ya chumvi yakimjaa mdomoni.

Akasimama.

"Unakwenda wapi? Bado kuna mayai ya samaki," alisema Mama Bergljot.

"Nimeshiba, mama. Asante kwa chakula."

"Tuambiane tu ukweli, binti. Hujala kitu."

"Basi nimeshiba kwa kutazama."

Ukumbi wa mlangoni ulikuwa mwembamba, umejaa makoti ya sufu na buti za mpira zilizokuwa zinavuja theluji sakafuni. Gyda alikuwa amevaa kiatu kimoja Eilif alipotokea, ameufunga mlango wa sebule nyuma yake kwa upole mwingi, asije akamsumbua mtu.

"Gyda. Mpenzi. Usifanye hivi."

"Nifanye vipi?"

"Mama ni mzee. Unamjua. Anaongea tu."

"Mama yako hana kosa. Mama yako leo ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli katika nyumba hii. Nilichokuuliza mezani ni nini?"

"Eh?"

"Nilikuuliza swali. Lirudie."

Eilif alisugua shingo yake. "Kuhusu... fundi?"

"Mungu wangu!" Gyda aliegemea makoti. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Kuhusu fundi! Eilif, unanichefua. Unasikia? Sijakasirika. Nimekasirika na wewe mara nyingi tu, na bado usiku nikakusogelea. Leo unanichefua."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema. Sasa jibu."

"Ja da, ja da, tutaongea nyumbani."

"Ja da ni ya kumbembeleza mtoto aliyeangusha biskuti."

"Jo da, Gyda..."

"Jo da! Sasa unatupa zote, moja itapata tu! Haya, toa na nyingine. Toa ja ja, toa ja vel. Umebakiza ngapi mfukoni?"

"Wewe unataka nini kwangu?" aliuliza Eilif, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Mimi ndivyo nilivyo. Sisi sote huku tunaongea hivi. Ulinikuta naongea hivi, ukasema unapenda. Mimi sipendi kelele."

"Nani kakuomba kelele? Nimekuomba neno. Nataka ndiyo inayotoka nje, Eilif. Itoke mdomoni, inifikie mimi, niishike. Kila ndiyo uliyowahi kunipa umeivutia ndani ukabaki nayo. Ukitaka kuikana unaikana, maana haikutoka!"

Eilif alimsogelea. Alifanya kile alichokuwa anafanya siku zote walipogombana, kile kilichokuwa kinamaliza ugomvi wote: aliinua mkono, akachukua nywele zilizomwangukia Gyda usoni, akaziweka nyuma ya sikio, taratibu, na kidole gumba kikabaki shavuni. Gyda alikuwa anamwegemea hapo. Siku zote. Hata wakati wa hasira kali, mwili ulimsaliti, ukaenda wenyewe.

Leo mwili ulirudi nyuma. Kidole kilinuka ini. Alijikuta amekitoa kichwa pembeni kwa haraka kama mtu aliyeguswa na kitu kilichokufa, na kisigino kikagonga buti za marehemu baba mkwe zilizokuwa bado ziko pale ukutani. Wakatazamana. Eilif aliuona uso wake, akauelewa, na macho yakamjaa maji. Gyda mwenyewe alishtuka. Alijiogopa. Alisubiri huruma ije, maana alikuwa mtu wa huruma, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa yale mate ya chumvi na haukuwa na nafasi ya kitu kingine.

"Naomba unipishe," alisema. "Nitatapika hapa."

Nje kulikuwa na jua kali lisilo na joto. Theluji ililia chini ya viatu. Gyda alisimama karibu na gari, akainama, mikono kwenye magoti, akavuta hewa ya baridi mpaka kifua kikamuuma. Hakutapika. Alitema mate kwenye theluji, akayafunika kwa kiatu, akapangusa mdomo kwa mkono wa koti.

Mlango ulifunguka. Eilif alitoka na soksi zake za sufu, bila koti, mikono imekumbatia mbavu. Dirisha la jikoni lilikuwa nyuma yake, na pazia lilikuwa limesogezwa upande.

"Rudi ndani, Gyda. Utaugua."

Maneno yake yalitoka na mvuke. Gyda aliuona ukipanda mbele ya uso wake, mweupe, ukapotea. Hilo likampa wazo, akanyooka.

"Sitarudi ndani. Naenda nyumbani kuchukua nguo zangu, halafu naondoka kwenda kwa baba. Leo."

"Leo? Bado Pasaka. Na kazi yako?"

"Kazini nitapiga simu. Nikuulize swali moja la mwisho. Sitaliuliza kwa kukana, nisije nikakuchanganya. Nitaliuliza kama unavyomuuliza mtoto. Unasikiliza?"

"Nasikiliza."

"Kweli?"

"Nasikiliza, Gyda, haki ya Mungu."

Na ni kweli alikuwa anasikiliza. Meno yalikuwa yanamgongana, soksi zimeanza kulowa, lakini macho yalikuwa kwake, yote mawili. Alikuwa mzuri. Hata sasa, na lile tone limekauka kidevuni, alikuwa mwanamume mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona, na Gyda alijua kwamba neno moja lenye sauti lingemtosha. Angekifuta kile kidevu kwa kiganja chake mwenyewe. Angeyala yale maini yote.

"Nikiondoka leo," alisema, "utanifuata?"

Pazia la jikoni likatikisika. Eilif hakugeuka, lakini mabega yalijua. Yalipanda kidogo kuelekea masikioni. Alifungua mdomo. Gyda alimtazama mdomo huo jinsi ambavyo hajawahi kuutazama mdomo wa mtu yeyote, na kazi yake ilikuwa midomo. Alikuwa anasubiri mvuke.

Kifua cha Eilif kikapanda.

"Hh-ja."

Hakuna kilichotoka. Hewa ya nje iliingia, baridi na nyeupe ya jua, ikapita kwenye meno aliyoyasafisha Gyda kwa mikono yake mwenyewe, ikaishia huko. Mbele ya mdomo wake palibaki patupu.

Na pengine alimaanisha. Hilo ndilo lililomchefua kuliko yote. Macho yalikuwa yanaomba, machozi yameshafika kwenye ndevu, pengine safari hii alimaanisha kwa moyo wake wote. Lakini angejuaje? Hata Eilif mwenyewe angejuaje? Angekwenda Hamar akae huko kusini akisubiri gari la mtu huyu, mwezi huu, mwezi ujao, huku fundi anatoboa dari ya nyumba hii, na siku moja angezeeka anapangusa meza mahali pasipo na uchafu, anawaambia wakwe zake sijui kama alitaka kunioa.

"Nimekusikia," alisema.

"Kwa hiyo... tuko sawa?" aliuliza Eilif.

Gyda alifungua mlango wa gari.

Oddny alitoka mbio na kofia ya Gyda mkononi, aliyoisahau ndani. Alimsukuma mdogo wake pembeni kwa kiwiko, akainama dirishani.

"Wifi, shika. Mafuta unayo?"

"Ninayo."

"Nimepiga simu, nimewaambia kivukoni wakusubiri. Nenda kabla sijalia, mimi nikilia nakuwa mbaya." Akamrushia kofia mapajani, akageuka. "Na wewe ingia ndani, chizi wee, vidole vitakatika!"

"Hh-ja," alisema Eilif.

Gyda alisikia. Kioo cha gari kilikuwa kinapanda na bado alisikia.

Aliendesha mpaka nyumba ya Mama Bergljot ikajificha nyuma ya mwamba, akasimamisha gari pembeni ya barabara mahali ambapo watu huanika samaki kwenye miti, maelfu ya samaki wasio na vichwa wakigongana kwa upepo. Akampigia baba yake.

"Halo?" Mzee Halvdan alikuwa amelala, ilisikika. "Gyda? Mbona saa hizi, si mko mezani kwa mkweo?"

"Baba, nakuja. Naanza safari leo. Nitalala njiani, kesho kutwa nitakuwa kwako."

"Kesho kutwa! Loo!" Alisikika akijiinua, akaguna kwa maumivu ya nyonga, akacheka. "Umenipa habari nzuri, mwanangu. Ngoja nimwambie jirani anisaidie. Kile chumba chenye kitanda kipana kina masanduku ya mama yako, ayatoe. Na Eilif anapenda kahawa nzito, eti? Nitaagiza. Halo? Mbona kimya? Gyda?"

"Nipo."

"Gyda." Sauti ya mzee ikapungua. Akauliza polepole, kwa namna ya mtu anayeomba aambiwe nei. "Huji peke yako?"

Gyda alifungua mdomo. Ladha ya ini ilikuwa bado ipo nyuma ya ulimi, na angeweza kuvuta pumzi tu, baba angeelewa, watu wote wa nchi hii wangeelewa. Akameza. Halafu akalitoa neno kwa sauti, na hewa yote aliyokuwa nayo kifuani, mpaka kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke na barabara ikapotea.

"Jo."